SOMO LETU: MAZIWA YA MAMA KAZINI – KUYAKAMUA, KUYATUNZA NA KUYAFIKISHA NYUMBANI



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada na mabuti. Leo tunazungumza juu ya maziwa ya mama. Huenda wengine watacheka. Sisi pia tulicheka, na ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Miaka michache iliyopita mama mmoja kijana wa Namakwekwe, hapa Mbale, alisimama katika mkutano wa tawi. Jina lake na la kiwanda chake hatutalitaja. Alisema kwamba kila siku ikifika saa nne asubuhi matiti yanajaa na kuuma kama jipu, nguo ya kazi inalowa kifuani, na nyapara hamruhusu kuondoka kwenye mashine. Aliomba jambo moja tu: chama kimwombee nusu saa na mahali pa faragha. Mkutanoni wanaume tulikuwa wengi. Mmoja akatoa mzaha, watu wakacheka, mwenyekiti akaenda kwenye jambo lililofuata, nalo lilikuwa mabuti.

Baada ya wiki sita maziwa ya yule mama yalikauka. Mtoto akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, kwa chupa iliyosuuzwa kwa maji ya baridi. Akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, akalazwa siku tisa. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Mama alipoteza kazi kwa sababu ya zile siku tisa.

Mabuti tuliyapata.

Ndugu, chama kinachohesabu jozi za mabuti na kushindwa kuhesabu watoto wa wanachama wake kina deni. Somo hili ni sehemu ya kulipa deni hilo. Lisomwe kwa sauti tawini, na wanaume wawepo.

HESABU YA WIKI

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina mzaha. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, siku 60 ni wiki 10. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6, yaani wiki 26. Toa 10 katika 26, zinabaki 16. Na kama mama alianza likizo kabla ya kujifungua, zinabaki zaidi.

Katika wiki hizo 16 mama yuko kiwandani au shambani, na mtoto yuko nyumbani. Swali la somo letu ni hili: maziwa yatamfikiaje mtoto?

MAZIWA HUTENGENEZWAJE

Wengi hudhani titi ni kama pipa, kwamba maziwa yakiachwa humo yatangoja mpaka jioni. Sivyo. Titi ni kama kisima cha chemchemi: likitolewa maji, maji mengine huja, likiachwa, hukauka. Mtoto anaponyonya, au mama anapokamua, mwili hupata habari kwamba maziwa yanahitajika, nao hutengeneza mengine. Titi likikaa limejaa saa nyingi, mwili hupata habari nyingine, kwamba maziwa hayahitajiki, na siku baada ya siku hupunguza.

Tena maziwa yaliyogandamana ndani huleta uvimbe na maumivu, na uvimbe ukiachwa huleta homa na hata jipu. Mama mwenye titi jekundu, la moto, pamoja na homa, aende kituo cha afya bila kukawia, na asiache kunyonyesha au kukamua bila kuambiwa.

Kwa hiyo mama anayeomba nusu saa haombi kupumzika. Anaomba kuzuia kisima kisikauke. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa karibu robo tatu ya lita kwa siku nzima. Mama akiwa mbali saa 10, mtoto atahitaji karibu theluthi ya lita, yaani vikombe vidogo vitatu au vinne. Kiasi hicho kinapatikana mama akikamua kila baada ya saa tatu hivi.

NAMNA YA KUKAMUA KWA MKONO

Pampu ziko, za mkono na za umeme. Lakini pampu ni ghali, tena isipooshwa vizuri ni hatari. Mkono ulionawa vizuri unatosha.

1. Nawa mikono na kucha kwa sabuni. Mama wa shambani anayeshika miwa, chai au kahawa iliyopuliziwa dawa anawe mpaka kwenye kiwiko, avue koti la kazi, ndipo ajishike kifuani.

2. Tumia chombo cha kioo au plastiki ngumu, chenye mdomo mpana na kifuniko. Kioshwe kwa sabuni, kisha kichemshwe. Usitumie chupa iliyowahi kuwa na dawa ya shamba, hata ukiisugua namna gani.

3. Kaa mahali patulivu. Mama mwenye woga au aibu maziwa yake hukawia kushuka. Chooni si mahali pa kuandalia chakula cha mtu yeyote.

4. Kanda titi polepole. Weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi na vidole vingine chini yake. Sukuma ndani kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Bana, achia. Usivute chuchu, kuvuta huumiza wala hakuleti maziwa.

5. Mwanzoni huenda lisitoke hata tone. Usikate tamaa. Kamua titi moja dakika tatu mpaka tano, hamia la pili, kisha rudia. Kazi yote huchukua dakika 20 mpaka 30.

Ajifunze nyumbani wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Asingoje siku ya kwanza ya zamu.

NAMNA YA KUTUNZA

Maziwa ya mama ni chakula kibichi, na adui zake ni uchafu, joto na saa. Shikeni viwango hivi:

– Mahali penye kivuli, nyuzi joto zisizozidi 25: saa 4.
– Katika sanduku la barafu, barafu ikiwa bado haijayeyuka: saa 24.
– Katika friji, nyuma ndani, si mlangoni: siku 4.
– Katika friji ya kugandisha: miezi 6.

Maziwa yaliyogandishwa yakishayeyushwa yatumike katika saa 24, na yasigandishwe tena. Viwandani kwetu joto hupita nyuzi 25, hasa karibu na mashine na chini ya mabati. Kwa hiyo pasipo barafu sisi tunashauri msivuke saa 3. Mtungi wa maji na kitambaa kilicholowa hupoza kidogo, lakini haushiki nafasi ya barafu.

Yakikaa, mafuta hupanda juu na maziwa hujitenga. Hayajaharibika, tikisa taratibu yatachanganyika. Yakinuka uchachu au ukiwa na shaka, mwaga. Inauma kumwaga jasho lako, lakini kuhara kwa mtoto kunauma zaidi.

NAMNA YA KUYAFIKISHA NYUMBANI

Hapa ndipo wengi hushindwa. Tuseme mama anaingia zamu saa moja asubuhi na kufika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Anakamua saa nne, tena saa saba. Akifika nyumbani, maziwa ya saa nne yana saa 8, na ya saa saba yana saa 5. Bila barafu yote mawili yamepita saa zake.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni barafu kazini. Sanduku moja dogo linalofungwa vizuri, na vipande vya barafu vilivyofungwa ndani ya mfuko, hutosha vyombo vya akina mama watano. Chupa ya chai yenye mdomo mpana nayo hufaa: jaza barafu kwanza ipoe, mwaga, kisha weka maziwa yaliyokwisha poa.

Njia ya pili ni kupeleka mchana. Nauli ya boda kwa mama mmoja kila siku itamla mshahara. Lakini akina mama wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga nauli ya safari moja. Tumeliona jambo hili likifanyika: mwendesha boda mmoja anayeaminika huja langoni saa saba na nusu, anachukua kikapu chenye barafu, anapita nyumba nne za Namakwekwe, na kabla ya saa nane na nusu maziwa yako mikononi mwa bibi au yaya.

Ila hapo kuna hatari kubwa: vyombo kubadilishana. Kila chombo kiwe na jina la mtoto na saa ya kukamuliwa. Na kwa kuwa si kila anayepokea anajua kusoma, kila mtoto awe na uzi wa rangi yake shingoni mwa chombo: mwekundu kwa huyu, wa kijani kwa yule. Chombo kisicho na uzi kisinyweshwe.

Mwisho, lango. Askari wa langoni hupekua mifuko kutafuta mali ya kiwanda. Tumesikia chombo cha maziwa kikifunguliwa, kikanuswa na kuachwa wazi juani. Msimlaumu askari peke yake, hakuna aliyemwambia. Mwakilishi wa tawi apate barua ya meneja inayosema kikapu hicho ni chakula cha watoto, na barua hiyo ikae kwenye chumba cha askari.

NAMNA YA KUMNYWESHA MTOTO

Anayebaki na mtoto naye asomewe somo hili. Chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu mpaka maziwa yapoteze baridi. Yasitiwe motoni wala yasichemshwe. Mtoto akalishwe wima, anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi. Mdomo wa kikombe uguse mdomo wa chini wa mtoto, avute mwenyewe, yasimiminwe, atapaliwa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa yenye chuchu ya mpira. Maziwa aliyoyabakiza yasikae zaidi ya saa 2.

Na mama akirudi, usiku ni wake na mtoto: anyonyeshe mara nyingi awezavyo, maana usiku nao hukijaza kisima. Apate chakula cha kutosha. Mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi ya wengine, kama mlo mdogo mmoja wa ziada kila siku. Wanaume, msikieni huyo.

MAZIWA YA MTU MWINGINE

Zamani mtoto wa dada alinyonyeshwa na shangazi, bila maswali. Siku hizi tunajua kwamba virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine vinaweza kupita katika maziwa. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku na kufuata maagizo ya kliniki huweza kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe; asimsikilize jirani, amsikilize mhudumu wa afya. Lakini kumpa mtoto maziwa ya mama mwingine bila vipimo tusifanye, hata kwa wema.

Njia salama ni benki ya maziwa. Humo mama anayetoa hupimwa, na maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kisha hugandishwa. Kenya ilifungua benki kama hiyo katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Hapa Uganda jumuiya ya ATTA ilianza mwaka 2021 kupeleka maziwa ya akina mama waliojitolea kwa watoto waliozaliwa wadogo mno au wagonjwa.

Huko Marekani wako wanawake wanaobeba mimba kwa niaba ya watu wengine. Mtoto akizaliwa huenda na wazazi wake, pengine mji wa mbali, na yule mwanamke huendelea kukamua. Maziwa hugandishwa, hufungwa katika sanduku lenye barafu kavu na kusafirishwa kwa ndege. Masafa ni makubwa kuliko ya kutoka lango la kiwanda mpaka Namakwekwe, lakini sheria ni zile zile: usafi, baridi, jina na saa. Na jambo la tano ni kwamba wanaojua kazi hiyo huihesabu: saa za kukamua, vifaa na gharama ya safari huandikwa katika mkataba.

Kuna na upande mwingine. Huko Kambodia wanawake maskini walikuwa wakiuza maziwa yao kwa kampuni iliyoyapeleka Marekani, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2017. Tulipozisoma habari hizo tulijiuliza: maziwa yakipata bei sokoni yanapandishwa ndege, lakini yakiwa ya mtoto wa mfanyakazi hayapewi hata nusu saa?

HAKI ZETU NI ZIPI

Jambo hili si geni katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 3, lilisema mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Imepita zaidi ya miaka mia. Mkataba Namba 183 wa mwaka 2000 unasema likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na mapumziko ya kunyonyesha yahesabiwe kuwa saa za kazi na yalipwe.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inasema mwajiri wa kila mfanyakazi mwanamke amlinde wakati wa mimba na baada ya kujifungua, kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba, na inampa mama haki ya kurudi kazini kwake. Baba naye anapewa siku 4 za kazi. Lakini sheria hiyo ilipotungwa haikuweka mapumziko ya kunyonyesha.

Jirani zetu Kenya waliliandika wazi katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye maji ya kunawa, friji au kifaa cha kupozea, meza ndogo na viti. Nao mama wapewe mapumziko yasiyozidi saa 1 katika saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula.

Pale sheria inaponyamaza, mkataba wa pamoja huweza kusema. Hiyo ndiyo kazi ya chama. Tawi lidai mambo manne:

1. Nusu saa mara mbili kwa zamu, zenye malipo. Kwa wale wa kipande, hesabu ya siku ipunguzwe kwa kiasi hicho. Bila hivyo nusu saa ni jina tu, kwa kuwa mama atakimbilia kipande chake na kuacha titi lijae.
2. Chumba chenye mlango, kiti, maji na sabuni.
3. Sanduku la barafu au friji ndogo, na ruhusa ya langoni.
4. Mama asikatwe wala asihamishwe kwa kutumia haki hiyo.

Na watu wa lejaleja wasisahauliwe. Wengi wa akina mama mashambani hawana barua yoyote. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kuwa kibarua wa kutwa zaidi ya miezi 4; baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Mama asiye na mkataba wa maandishi hupata shida kudai likizo yake. Kwa hiyo kupigania mikataba ni kupigania maziwa.

Mwajiri atasema ni gharama. Mjibuni kwa hesabu. Saa moja kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 16, ni saa 96, yaani zamu 12 za saa 8. Mtoto akilazwa siku tisa, mwajiri amepoteza zamu saba au nane kwa mkupuo mmoja, na akimfukuza mama atamfundisha mtu mpya tangu mwanzo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika sehemu yetu ya kazi wako akina mama wangapi wenye watoto wa chini ya miezi 6? Je, tunawajua?
2. Wanakamulia wapi sasa? Mwakilishi aende akapaone kwa macho yake.
3. Maziwa yakikamuliwa saa nne, yatafika nyumbani saa ngapi? Pigeni hesabu ya tawi lenu.
4. Ni nani atakayeandika barua kwa meneja, na lini?

Yule mama wa Namakwekwe hakurudi kiwandani. Leo anauza nyanya na vitunguu. Tulipokwenda kumwomba radhi alituuzia nyanya kwanza, kisha akatuambia kwamba radhi haimnyweshi mtoto, tuandike. Habari ya uzi wa rangi ni yeye aliyetufundisha. Akina mama wanne wa kile kikapu ni majirani zake.

Umoja ni nguvu, ndugu, na safari hii tuanze na wale waliokuwa wakichekwa.